Ulanga wa Uluguru

Kila aliyepanda milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, kwa miguu ameukanyaga ulanga. Unameta njiani, unameta kwenye matofali ya nyumba, unameta kwenye mchanga wa vijito vinavyoshuka kwenda Mto Ruvu na hatimaye kwenye mabomba ya Dar es Salaam. Watoto huubandua kwa kucha, tabaka kwa tabaka, wakatazama jua kupitia tabaka la mwisho, kisha wakalitupa. Watu wazima hawauangalii, isipokuwa yule mmoja wa kila kijiji anayeamini kwamba ni fedha au dhahabu.

Huyo mmoja nimekutana naye mara nyingi, kwa sababu kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa kupokea mawe ya watu kwenye maabara ya madini. Mtu anaingia na mfuko wa rambo, anatazama nyuma yake, anafungua fundo polepole. Ndani mna vumbi linalowaka rangi ya dhahabu. "Mama, nipimie hii, lakini isitoke nje." Mara nyingi nilikwisha kujua kabla fundo halijafunguka. Ni ulanga mweusi, biotaiti, uliokaa na mvua na jua mpaka ukageuka rangi. Sikupenda kumvunja mtu moyo kwa mdomo, kwa hiyo nilimpa nyundo agonge mwenyewe. Dhahabu ukiigonga hutandazika, ulanga husagika ukawa magamba. Kama bado anabisha, tulitia kidogo kwenye karai na maji, tukazungusha. Dhahabu ni nzito, hubaki chini. Ulanga ndio wa kwanza kuondoka na maji. Wapo walioondoka nao bila kuaga.

Lakini watu wale hawakuwa wajinga, na hili ndilo nililochelewa kusikia likisemwa na wasomi wetu. Babu zao waliona kwa macho ulanga ukitolewa ardhini, ukikatwa, ukipakiwa masandukuni na kubebwa mpaka pwani kwa amri ya Wazungu. Kitu kilichochosha mabega ya wanaume wa ukoo mzima, utamwambiaje mjukuu wao kwamba hakina thamani?

Wajerumani walipoanza kuuchimba Uluguru, mwanzoni mwa karne ya 20, dunia ilikuwa imeanza kuuhitaji kwa sababu mpya. Kwa karne nyingi ulitumika mahali pa kioo. Warusi waliuweka madirishani, na baadaye watu wa Ulaya na Marekani wakauweka kwenye vijilango vya majiko ya makaa na kwenye taa, kwa kuwa haupasuki kwa moto. Umeme ndio uliogeuza mambo. Ulanga hauupitishi umeme hata ukibanduliwa ukawa mwembamba kuliko karatasi, wala hauungui. Ndani ya dainamo na mota nyingi za wakati ule palikuwa na vipande vya shaba vilivyopangwa duara, na kati ya kipande na kipande ilibidi kuwe na ulanga, la sivyo mashine inajichoma yenyewe. Gramafoni nayo iliutaka: sindano ilipopita juu ya santuri ilitikisa kiwambo cha mviringo, na kiwambo hicho kwa miaka mingi kilikuwa cha ulanga. Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, magramafoni mengi ya pwani yetu yalikuwa bado yanapaza sauti kwa namna hiyo.

Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907. Kabla ya hapo mzigo wote ulikwenda pwani kwa miguu, na hata baada ya reli, kutoka machimboni hadi stesheni palibaki kuwa kazi ya wapagazi, maana Uluguru ina miteremko ambayo hata punda huikataa. Kodi ya nyumba ilikuwa imekwishawekwa tangu mwaka 1898. Hakuna haja ya kuuliza zaidi kwa nini mtu aliacha shamba lake akaenda kushika mtarimbo wa mwingine.

Ulanga wa kuuzwa haukutoka kwenye mchanga wa njiani. Ulitoka kwenye mishipa ya mwamba mweupe iitwayo pegmatiti. Miaka milioni 600 hivi iliyopita, miamba ya upande wetu huu ilipokandamizwa na kupikwa chini sana ardhini, majimaji ya mwisho ya mwamba ulioyeyuka yalipenya kwenye nyufa na kupoa taratibu. Yalikuwa na maji mengi ndani yake, na maji huzipa fuwele nafasi ya kukua. Kwa hiyo ndani ya mshipa mmoja unakuta donge la kwatzi katikati, feldspa kandokando, na ulanga umejipanga mpakani, kila fuwele imekaa kama kitabu kilichofungwa. Anayetafuta mshipa hatafuti mng'aro, kwa sababu mng'aro uko kila mahali. Anatafuta udongo mweupe mahali pa udongo mwekundu, kwa kuwa feldspa ikioza huwa udongo mweupe, na pembeni yake anatafuta vijiti vyeusi vya turmalini. Akiviona pamoja, hapo ndipo sururu hushuka.

Haya sikuyasoma kwanza vitabuni. Niliyapata kwa mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Sisi Waluguru ukoo hupitia kwa mama, na mambo mazito mtu huyapata kwa mjomba kabla ya baba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili yeye alikuwa kijana, akaandikishwa kwenye machimbo ya ulanga upande wa Mgeta. Alilipwa kwa kipande: kila siku aliyofanya kazi iliwekwa alama kwenye kadi, na kadi ikijaa ndipo fedha itoke. Siku ya mvua isiyochimbika haikuwa na alama, ingawa mtu alikwisha kupanda mlima.

Alianza shimoni, lakini vidole vyake vilimtoa humo. Msimamizi alimwona akiubandua ulanga bila kuuchana, akamhamishia kwenye banda la kuchambulia. Huko ndiko ilikokuwa elimu. Donge lililotoka shimoni lilipigwa kwanza kwa nyundo ndogo kuondoa mawe yaliyoganda pembeni. Kisha lilifunguliwa kwa kisu chembamba, fungu kwa fungu, na kila fungu likainuliwa kuelekea mwangani. Mjomba alinionyesha namna hiyo ya kuinua mpaka uzeeni, kwa kipande chochote alichookota, jicho moja limefumbwa.

"Mjomba," aliniambia, kwani mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "usitazame jinsi unavyong'aa. Tazama kinachozuia mwanga."

Kinachozuia mwanga ndicho kilichopanga bei. Madoa meusi au mekundu ni chuma kilichonaswa kati ya tabaka. Umeme hupita hapo, kwa hiyo ulanga wenye madoa mengi uliwekwa kando. Mistari iliyonyooka ndani yake ni kasoro ya kuzaliwa, na ukiufungua hutoka riboni badala ya ukurasa mzima. Mwingine ni mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, haubanduki sawasawa hata ufanyeje. Mwingine umejikunja mawimbi. Uliopita mitihani yote hiyo ulikatwa kingo zake mbovu na kupimwa ukubwa. Katika mpango wa Kihindi, ambao ndio uliotawala biashara hii duniani, kipande kinachotoa mstatili wa inchi 1 ya mraba kilikuwa daraja la 6, cha inchi 3 daraja la 5, na cha inchi 24 daraja la 1. Sehemu kubwa sana ya kilichochimbwa haikufika daraja lolote, ilimwagwa mteremkoni. Hizo ndizo chungu zinazometa mpaka leo, na mgeni akiziona hudhani amegundua utajiri.

Wakati ule wa vita Waingereza na Wamarekani waliutafuta ulanga kwa udi na uvumba. Ulikuwa ndani ya valvu za redio, ndani ya kapasita za mitambo ya mawasiliano, ndani ya plagi za injini za ndege. Mwaka 1942 nchi hizo mbili zilifungua ofisi ya pamoja Calcutta kwa kazi moja tu, kununua ulanga wa India usiende kwa adui. Palipo na ulanga mzuri katika himaya yote ya Waingereza, Tanganyika ikiwemo, machimbo yaliamshwa. Mjomba hakuambiwa lolote kati ya haya. Yeye na wenzake walikuwa na maelezo yao kuhusu kazi ya karatasi zile. Wengine walisema zinatengenezewa miwani ya askari, wengine sarafu. Mzee mmoja, alisema, alishikilia kwamba Wazungu wanazisaga na kuzila ili wasizeeke. Ukiangalia vipodozi vya siku hizi vinavyometa usoni, vingi vikiwa vimetiwa unga wa ulanga, utamsamehe mzee yule.

Vita vikaisha. Mwaka 1947 Wamarekani watatu kwenye maabara za Bell walitengeneza transista, na redio zikaanza kuachana na valvu. Viwanda navyo vilijifunza kugeuza mabaki ya ulanga kuwa karatasi ya kubandika, kwa hiyo ukurasa mzima usio na doa haukutafutwa tena kwa bei ile. Tulipopata uhuru mwaka 1961 biashara hiyo ilikuwa imefifia, na redio ndogo za transista zilizopanda mlimani kutuletea hotuba hazikuwa na haja na karatasi za mjomba. Mahali mwananchi wa kawaida anapoweza kukutana na karatasi za ulanga leo ni ndani ya pasi ya umeme iliyofunguliwa. Mpelekee fundi pasi ya zamani, mwombe akuonyeshe ule waya wa moto umezungushwa kwenye nini. Yeye atakwambia ni maika.

Hapo ningeweza kumaliza, kama Uluguru isingetoa kitu kingine kwenye mashimo yaleyale.

Katika mishipa ya ulanga ya eneo la Lukwengule, wakati wa Wajerumani, yalitoka mawe meusi, mazito kupita ukubwa wake, yenye ganda la njano. Hayakuwa ulanga, lakini yalikuwa ya ajabu kiasi cha kupelekwa Ujerumani. Mkemia Willy Marckwald wa Berlin aliyachunguza. Jiwe jeusi lilikuwa uraninaiti, madini ya urani. Lile ganda la njano lilikuwa madini ambayo hakuna aliyekuwa ameyaeleza kabla, kabonati ya urani, na mwaka 1906 Marckwald aliyapa jina la rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford, miaka miwili kabla Rutherford hajapata Tuzo ya Nobel. Katika orodha za madini za dunia nzima, mahali pa asili pa rutherfordini ni milima yetu.

Kilichofuata ni kikubwa zaidi. Wanasayansi walikuwa wakibishana kama atomu zote za elementi moja zina uzito mmoja. Frederick Soddy alisema hapana, na mwaka 1913 alilitumia kwa mara ya kwanza neno isotopu. Ilibaki kuthibitisha kwa mizani. Stefanie Horovitz, mwanamke Myahudi mzaliwa wa Warsaw aliyekuwa akifanya kazi kwenye Taasisi ya Radiamu ya Vienna, pamoja na Otto Hönigschmid, waliitafuta metali ya risasi iliyozaliwa na urani peke yake, isiyochanganyika na risasi ya kawaida. Madini ya urani ya Joachimsthal, huko Ulaya, yaliwapa jibu la nusunusu, kwa sababu risasi yake ilikuwa imechanganyika. Wakapata uraninaiti safi yenye fuwele, kutoka Morogoro. Risasi ya kawaida ina uzito wa atomu wa 207.2. Ile iliyotoka kwenye jiwe la Morogoro, baada ya kuyeyushwa, kusafishwa na kupimwa kwa subira ambayo mimi niliyefanya kazi ya maabara naivulia kofia, ilikuwa 206.05. Risasi ileile, kemia ileile, uzito tofauti. Ubishi ukaanza kwisha. Kazi hiyo ilitoka katika miaka ya 1914 na 1915, wakati askari na wapagazi wa huku kwetu walikuwa wanakufa kwa vita visivyo vyao. Horovitz mwenyewe aliuawa na Wanazi huko Treblinka mwaka 1942, mwaka uleule wanunuzi wa ulanga walipofungua ofisi Calcutta.

Sasa angalia lebo. Katika vitabu vya kemia jiwe lile ni "la Morogoro", na Morogoro ni mji ulioko bondeni ambako hakuna mshipa wa aina hiyo. Vitabu vya madini vinakwenda hatua moja mbele, vinataja Lukwengule na Uluguru. Hatua ya mwisho, yaani shimo lipi, kwenye ardhi ya ukoo upi, lilichimbwa na nani, haimo katika maelezo yoyote niliyosoma. Marckwald alipata alichokitaka, Horovitz akapata chake, na hawana kosa. Aliyelishika jiwe wa kwanza na kusema "hili ni zito mno, si la kawaida" ndiye hakuandikwa. Naye ndiye aliyelitambua. Kama angelitupa mteremkoni pamoja na mabaki mengine, Vienna wangelisubiri.

Ndiyo maana nina ukali fulani na vijana wanaokusanya mawe siku hizi. Wanakuja na vielelezo vizuri, wamevisugua kwa mswaki, wamevipiga picha. Ninauliza umekitoa wapi, ninaambiwa "milimani". Kielelezo cha aina hiyo kinafaa kupamba kabati tu. Afadhali kipande kibovu chenye jina la kijito.

Kwa anayetaka kuanza, ulanga ni mwalimu mzuri kwa sababu hauhitaji vyombo vya gharama. Chukua kisu, sindano butu, lenzi ya mkononi, kiberiti, magazeti ya kufungia na daftari. Bandua tabaka, likunje kidogo, liachie. Ulanga halisi hurudi ulivyokuwa. Kloraiti, ambayo ni ya kijani na hubanduka vilevile, hukunjika ikabaki imekunjika. Jasi nayo hubanduka ikawa kioo, lakini haina kurudi, na ukiitia kwenye moto huwa nyeupe mara moja. Talki utaijua kwa utelezi. Ukishahakikisha ni ulanga, tazama rangi kwenye tabaka nene, si jembamba, kwa kuwa tabaka jembamba hudanganya. Usio na rangi, au wenye wekundu wa mbali, au kijani kibichi hafifu, ni maskovaiti, ndio uliochimbwa kwa biashara Uluguru. Wa hudhurungi ya asali mara nyingi ni flogopaiti, ndugu yake anayestahimili moto zaidi, ambaye Madagaska imemuuza kwa muda mrefu. Mweusi ni biotaiti. Wa zambarau mara nyingi una lithi, na ukiupata niite.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko yote. Laza tabaka safi juu ya ubao laini, simamisha sindano butu juu yake, igonge mara moja tu kwa kitu kizito. Itatokea nyota ndogo ya miale sita, na mwale mmoja hurefuka kuliko mingine. Haitokei kwenye kioo wala kwenye plastiki. Ni mpangilio wa atomu zenyewe unaojionyesha, na hata mtoto wa darasa la nne akiiona mara moja hasahau. Na ukikuta ulanga wa hudhurungi usio na nguvu ya kurudi, weka punje kwenye kijiko juu ya makaa. Ukivimba mara nyingi zaidi ya ukubwa wake, hiyo ni vemikulaiti, wanayoitumia wenye vitalu vya miche kulainisha udongo.

Jiwe jeusi, zito kupita kiasi, lenye ganda la njano, usilitie mfukoni, usililete nyumbani, usilivunje. Andika lilipo, uende kwa maofisa wa madini. Babu zetu walilishika bila kuambiwa, wewe umeambiwa. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, usiokote chochote bila kibali, na nje yake omba ruhusa kwa serikali ya kijiji na kwa mwenye shamba. Shimo la zamani usiingie, hata kama linaonekana kavu. Chungu za mabaki zilizoko nje zina kila kitu unachohitaji kujifunza.

Wewe mwalimu wa Mgeta, Matombo au Kinole unayesoma haya, nina ombi moja. Wazee waliofanya kazi kwenye mabanda ya ulanga ni wachache mno sasa, na wengi wa waliobaki ni watoto wao waliopeleka chakula machimboni. Chagua wanafunzi wawili watatu, wapeleke kwa mzee wa namna hiyo, wamwamkie, wamwombe awaonyeshe mashimo yalipo na yaliitwaje kwa Kiluguru. Wachore ramani, hata kwa penseli. Wachukue kipande kimoja tu kwenye kila chungu, waandike jina la shimo, la kijito, la kitongoji na la mzee aliyewaongoza, akiwa ameridhia. Nakala moja ibaki kabatini shuleni, nyingine ipelekwe kwenye makumbusho ya Taasisi ya Jiolojia huko Dodoma, ambako mawe ya nchi hii yanatunzwa. Ifanyike kabla ya masika, kwa sababu kila masika chungu kadhaa huteremka mtoni.